Foleni Iliyosomwa Tupu

Septemba 4

Mvua ya kwanza ya msimu. Mto mita 2.10 pale darajani. Kila mwaka mvua zikianza nafungua daftari jipya, zikiisha nalifunga. Mume wangu huliita daftari la malalamiko.

Adelar, mwenye kampuni, ameamua programu yetu ya tahadhari ya mafuriko ihamie toleo jipya la maktaba kabla mvua hazijakolea. Nimekubaliana naye, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Maktaba hii si ya vitabu. Ni vipande vilivyokwisha kutengenezwa, orodha, foleni, majina, ambavyo watunga programu wa dunia nzima huchukua na kutumia ili kila mmoja asivitengeneze upya. Kazi yangu katika uhamisho huu ni moja na ndogo: kurekebisha vifasiri. Nimeiweka wiki ijayo.

Septemba 6

2.35. Jucélia, mwenzangu wa ofisini, amekula keki ya ndizi juu ya kibodi yangu. Makombo mpaka kwenye herufi M.

Septemba 9

Mume wangu Osni ameniuliza leo mezani, "Hivi vifasiri ni nini hasa? Miaka sita nasikia vifasiri, vifasiri, nami naitikia tu kama muumini kanisani."

Nikamwambia kwamba programu ikianguka huacha mabaki, na mabaki yenyewe ni namba tupu, mamilioni kwa mamilioni. Kuna programu nyingine tunayoyafungulia, inaitwa kitatuzi. Kitatuzi kinaziona namba zote lakini hakijui zina maana gani. Kifasiri ndicho kinachokiambia: hapa inaanza orodha, hapa inaishia, ina vitu kumi, na vitu vyenyewe ni majina ya mitaa. Kwenye kioo yanatoka majina badala ya lundo la namba.

"Na hiyo maktaba ikibadilika?"

"Inaweza kuamua kupanga vitu vyake kwa namna nyingine. Idadi iliyokuwa droo ya tatu ikahamia ya pili. Programu haina shida, inajengwa upya pamoja na maktaba. Kifasiri ndicho kinaendelea kufungua droo ya zamani."

"Kwa hiyo kinasema uongo."

"Kinakosea. Takataka zinatoka kwenye kioo, mtu anaziona."

Osni ni fundi wa friji. Alitafuna, akasema, "Mimi kipimo changu cha gesi kikifa kinaonyesha sifuri. Na mtungi ukiisha kinaonyesha sifuri."

Nikamwambia ale maharage yake.

Septemba 14

2.20. Hakuna jambo.

Septemba 20

Nimejaribu vifasiri kwenye toleo jipya. Orodha ya mitaa, sawa. Majina, sawa. Foleni ya vipimo vya mto, tupu, sawa, maana mto umelala na hakuna kinachosubiri. Maelezo ya mabadiliko yaliyokuja na maktaba ni kurasa arobaini za maandishi madogo. Sikuyasoma. Kila kitu kimesoma vizuri, kwa hiyo nimeweka alama ya vema na kwenda kununua viatu.

Septemba 27

4.05 na unapanda taratibu. Mji mzima umeanza kutazama darajani. Hapa Nova Lindau kila mtaa una namba yake, kimo ambacho mto ukikifikia maji yanaingia nyumba ya kwanza, na hakuna mtu asiyejua ya kwake. Ukichumbia hapa, mama wa mchumba anauliza namba ya mtaa wenu kwanza, dini baadaye. Yetu ni 11.40, kwa hiyo nililala usingizi mzuri ujana wangu wote. Ya Bi Zenaide, mama yake Jucélia, wa mtaa wa Araçá, ni 8.20.

Leo Jucélia amecheka kwenye simu kwa dakika kumi na tano, mpaka nikahamia chumba cha mikutano. Yeye ndiye aliyeandika kipokezi, sehemu inayopokea kipimo kutoka darajani kila dakika tano na kukipanga kwenye foleni. Mbele ya foleni kuna kikadiriaji, kazi ya Adelar: kinachukua kipimo kimoja kimoja, kinakisia mto utakuwa wapi baada ya saa tatu, na kinapigia simu mitaa inayohusika. Kazi ya Jucélia inafanya kazi, sikatai. Lakini ukiifungua ni kama mkoba wake, kila kitu kimo na hakuna kilichopangwa. Mimi siwezi. Vifasiri vyangu vinatoa kioo safi, na ndiyo sifa yangu hapa ofisini.

Oktoba 3

4.90. Kichomi kwenye mbavu zangu, daktari anasema ni baridi tu.

Oktoba 8, Jumapili

Naandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi mto ulikuwa 6.30, mvua kubwa, hakuna aliyeshtuka. Saa sita hivi, kule juu, magogo yaliyokuwa yameziba mto yakaachia. Wakati huo nilikuwa nyumbani nakata kabichi nyekundu ya kula na bata. Simu haikulia. Kwetu isingelia, 11.40, kwa hiyo sikushangaa. Lakini haikulia popote. Mtaa wa Araçá maji yaliingia saa nane kasoro dakika kumi, watu wakiwa mezani. Hakuna aliyepandisha kitu juu, maana mji huu umefundishwa kusubiri simu, na tuliofundisha ni sisi.

Adelar aligutuka saa tisa kasoro dakika ishirini, alipopigiwa na watu wa usalama wa mji. Alijaribu kuizima programu aiwashe upya, ikaanguka mikononi mwake na kuacha mabaki. Alipoiwasha ikasoma 8.61 na kuanza kupigia simu watu waliokuwa wamesimama majini.

Bi Zenaide ana miaka sabini na nne na anaishi kwa kushona. Saa saba alimpigia mwanawe kuuliza kama aanze kuhamisha vitu. Jucélia alimwambia, haya ni maneno yake mwenyewe, ameyarudia mbele yetu mara tatu leo: "Tulia, mama. Simu ikilia ndiyo uhame. Programu inaona kuliko wewe." Mama akatulia. Maji yalipoingia alijaribu kunyanyua cherehani peke yake, akaanguka, mkono umevunjika. Nyumba nzima imelowa mpaka kwenye madirisha.

Nimeenda ofisini kwa gari la Osni kupitia barabara ya juu. Jucélia alikuwa amekaa sakafuni karibu na mtambo wa kupokelea, viatu vimejaa tope.

"Vilikuja, dada Marlise," aliniambia. "Taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Niliiona mimi kwa macho yangu, kila dakika tano, tak, tak."

"Tutaangalia," nilimjibu.

Oktoba 9

Nimefungua mabaki. Orodha ya mitaa imetoka kamili, majina yote kumi na tisa. Saa iko sahihi. Foleni ya vipimo: tupu.

Nimeyafungua mara tatu. Tupu, tupu, tupu.

Kifaa cha darajani kina kumbukumbu yake, nacho kinaonyesha kilituma kila dakika tano bila kukosa. Kimetuma, na kwenye foleni hakuna kitu. Kati ya darajani na foleni kuna kitu kimoja tu, kipokezi.

Sitadanganya daftari langu: niliposoma ile tupu, nilihisi kitu kinachokaribiana na kuridhika. Nilikumbuka makombo.

Oktoba 10

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. "Wakati programu inaanguka, foleni ya vipimo ilikuwa tupu. Vipimo vilitumwa na havikupangwa. Kosa liko kwenye kipokezi." Sahihi, Marlise Hoepers. Adelar ameisoma akiwa amesimama.

"Una hakika?"

"Kioo kimesema tupu."

"Mji unataka jina, Marlise. Si sehemu ya programu. Jina."

"Kila mtu anajua nani ameandika kipokezi," nilisema.

Oktoba 13

Jucélia ameambiwa abaki nyumbani mpaka kikao cha wakazi. Alikusanya vitu vyake bila kelele. Aliniuliza jambo moja tu, "Umeangalia na kitu kingine, au na vifasiri vyako tu?"

Nilimwambia vifasiri vyangu vina miaka sita na havijawahi kukosea.

"Haya, dada," akasema, akaenda.

Oktoba 16

5.10. Matope yanaanza kunuka. Mtaa wa Araçá wote magodoro yako barabarani.

Oktoba 21

Nimekutana na Jucélia duka la mikate. Mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye mstari aligeuka, akamtazama, akamwambia muuzaji kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mhudumie huyu kwanza, asije akatusahau tena." Watu walicheka. Jucélia aliacha mkate kwenye kaunta na kutoka.

Muuzaji aliniambia kwamba Bi Zenaide yuko kwa dada yake huko juu na haongei na mwanawe. Akienda anamkuta kageukia ukutani. "Eti anasema, nilimwamini mtoto wangu nikazama." Nilinunua mikate miwili, wangu na ule ulioachwa. Sikujua niupeleke wapi, tumeula sisi.

Oktoba 28

Mvua. 4.70. Ofisi iko kimya, kama nilivyokuwa nataka. Naisikia saa ya ukutani.

Novemba 6

Leo programu imesimama kidogo, kitu cha kawaida. Nikaifungua na kitatuzi ikiwa hai ili nione ilipokwama. Kikadiriaji kilikuwa katikati ya kuchukua kipimo kutoka kwenye foleni. Nimekiona kimekishika, 3.88, kimekitoa mbele ya foleni, na vingine viko nyuma yake. Nikauliza foleni ina nini. Kifasiri kikajibu: tupu.

Nilikaa nikitazama mistari hiyo miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtu hawezi kuchukua mkate kwenye kapu lisilo na mkate.

Nimezima vifasiri vyote, nikaomba namba zenyewe, mbichi. Foleni ya zamani ilikuwa inaandika mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, na kifasiri changu kilitoa moja kwenye nyingine kupata idadi. Foleni mpya inaandika mahali pa kuanzia, halafu idadi yenyewe. Ilikuwa imeandikwa pale pale, 4. Kifasiri changu kilichukua hiyo 4 kikidhani ni mahali pa kuishia, kikatoa, kikapata namba iliyo chini ya sifuri. Na zamani, mwaka wa kwanza, niliandika mstari mmoja kwa mkono wangu: namba ikiwa chini ya sifuri, sema tupu. Niliuandika kwa sababu programu inayokufa mara nyingine huacha foleni iliyochanika, na kioo kilikuwa kinajaa takataka, na mimi sipendi takataka.

Iko kwenye zile kurasa arobaini. Ukurasa wa kumi na saba, sentensi mbili.

Nimerekebisha kifasiri. Imenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha nikafungua mabaki ya Oktoba 8.

Foleni ya vipimo: 31.

Vyote vimo. Kuanzia saa sita na dakika tano mpaka saa nane na dakika thelathini na tano, kila dakika tano, hakuna kilichopotea. Cha mbele kabisa ni 6.96, na kabla yake kikadiriaji kilikuwa kimeshika 6.74. Mruko wa sentimita ishirini na mbili. Kwenye kikadiriaji kuna kikomo: kipimo kikiruka zaidi ya ishirini kwa dakika tano, kihesabiwe ni hitilafu ya kifaa, na kisubiriwe kingine kilicho karibu na cha zamani. Mto ulipanda, nacho kikakaa kikiusubiri urudi chini ndipo kiendelee. Na nyuma yake vipimo thelathini na moja vya Jucélia vimepanga mstari.

Nimevichapisha vyote thelathini na moja kwenye karatasi.

Novemba 7

Nimemwambia Adelar. Alisoma vipimo vyote, kidole kwenye kioo. Kikomo ni chake, alikiweka mwenyewe, jina lake liko pale.

"Kikao ni tarehe kumi na nane," alisema. "Mkataba wetu na mji unaangaliwa upya mwezi wa kumi na mbili. Tukiwaambia sasa kwamba ripoti ni ya uongo, na aliyeandika ripoti ni wewe, na mwenye kosa ni mimi, nani atabaki hapa wa kupiga simu?"

"Na Jucélia?"

"Tutarekebisha kikomo leo hii. Baada ya mkataba tutamrudisha kimyakimya. Yeye ni mdogo, atapata kazi popote."

"Mama yake haongei naye."

"Marlise, mimi siyo padri."

Amerekebisha kikomo kabla ya chakula cha mchana. Kazi safi, lazima niseme.

Novemba 8

3.60. Sikusema kitu.

Novemba 9

3.40. Sikusema kitu.

Novemba 10

3.45. Osni ameuliza naumwa nini. Nimemwambia ni tumbo.

Novemba 12

Nimekwenda kwake. Anaishi ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Hakunikaribisha ndani, tuliongea mlangoni. Nilimweleza yote bila kupumzika: mahali pa kuishia, idadi, ule mstari wangu, ukurasa wa kumi na saba. Nilimpa karatasi yenye vipimo thelathini na moja. Alivisoma kuanzia juu mpaka chini, midomo inatikisika.

"Kwa hiyo vilikuja," alisema.

"Vilikuja vyote."

"Nilikwambia vilikuja. Nilikuwa nimekaa sakafuni na tope mpaka hapa, nikakwambia."

"Uliniambia."

"Tangu lini unajua?"

Ningeweza kusema jana. "Jumatatu," nikasema.

"Leo Jumapili." Alikunja ile karatasi mara nne. "Siku sita, Marlise. Mimi kwa siku sita hizo nimepanga foleni mlangoni kwa mama yangu na chungu cha supu mkononi, anakataa kufungua." Hakuniita dada. "Umekuja nikwambie pole?"

"Nimekuja kukwambia nitasema kikaoni."

"Basi ukaseme kikaoni," alisema, na kufunga mlango.

Sikulia barabarani. Nililia kwenye gari.

Novemba 17

5.30, mvua tangu jana. Nimemwambia Adelar kwamba kesho nitasema, awe na mimi au asiwe. Akasema, "Leta kompyuta yenye betri. Umeme wa pale klabuni si wa kuaminika." Sikuelewa ni jibu la aina gani.

Novemba 18

Kikao kilikuwa ukumbi wa klabu ya kulenga shabaha, chini ya ngao za mabingwa wa zamani. Watu kama mia mbili, wengi wa Araçá, makoti yananuka mvua. Bi Zenaide alikaa safu ya pili, mkono kwenye plasta, uso mbele. Jucélia alisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Kati yao palikuwa na ukumbi mzima.

Mwenyekiti alianza kusoma ripoti yangu. Alipofika "kosa liko kwenye kipokezi", minong'ono ikaanza, na vichwa vikageuka nyuma. Nikanyanyua mkono.

"Ripoti hiyo ni ya uongo," nilisema. "Mimi ndiye niliyeiandika."

Nilikuwa nimeandaa maelezo, droo na mahali pa kuishia. Nilianza, na baada ya sentensi tatu mzee mmoja akapaza sauti, "Mama, sisi si mainjinia. Vipimo vilikuwapo au havikuwapo?"

"Vilikuwapo. Chombo nilichosomea kilikuwa changu, na kilikuwa kibovu. Kilisema hakuna kitu, na kitu kilikuwapo."

"Tutajuaje safari hii hakidanganyi?"

Swali la haki kabisa. Nikasema, "Nitavisoma. Nyinyi mlikuwapo. Niambieni kama siyo."

Nikafungua kompyuta na kusoma. Saa sita na dakika tano, 6.96. Saa sita na dakika kumi, 7.03. Walinisikiliza kwanza kwa ubishi. Nilipofika saa saba, 7.69, mwanamke mmoja alisema, "Hapo ndipo maji yalitokea kwenye mfereji wa bustani yangu, kweli." Mwingine akasema ndipo mbwa alipoanza kubweka. Nikaendelea. 7.74. 7.80. Kila mtu pale anajua namba yake kama anavyojua jina la mama yake, na walikuwa wanauona mto ukiwajia tena, hatua kwa hatua, huku wao wamekaa mezani. Saa nane kasoro robo, 8.14.

"Saa nane kasoro dakika kumi," nikasema, "8.20."

Mzee aliyekuwa ameniuliza alivua kofia yake.

Nilivimaliza vyote mpaka 8.61. Kisha nikasema kwamba kila kimoja kilipokelewa na kupangwa na kipokezi cha Jucélia Fachini kwa wakati wake, na kwamba hakuna alichokosea.

"Aliyekosea ni nani, basi?" mwenyekiti aliuliza.

Nilifungua mdomo. Adelar akasimama kabla yangu. Ana miaka sitini na moja, na jana ningemtaja kwa maneno ambayo siyaandiki. "Kikomo kilichovizuia ni changu," alisema. "Niliamini mto huu hauwezi kuruka hivyo. Na Marlise aliniambia siku kumi na moja zilizopita, na nilimwomba anyamaze." Akakaa. Walimzomea vya kutosha, na alikaa akizomewa mikono magotini.

Katikati ya kelele hizo Bi Zenaide aliinuka. Alipita njia ya katikati polepole, plasta mbele, watu wakimpisha, mpaka mlangoni. Nilikuwa mbali lakini ukumbi ulikuwa umeshatulia kumtazama, kwa hiyo tulisikia sote.

"Umekonda," alimwambia. "Unakula kweli wewe?"

Jucélia alitikisa kichwa. Mama akamshika kiwiko kwa mkono mzima, wakatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Novemba 20

4.80. Nimefuta ule mstari. Sasa kifasiri kikikuta namba isiyo na maana hakisemi tupu. Kinasema: sijui. Na nimesoma kurasa zote arobaini. Kulikuwa na mabadiliko mengine mawili yananisubiri.

Novemba 23

Mji umetupa miezi mitatu ya majaribio, na mtu wao atakaa ofisini kila mto ukipita sita. Kila simu tutakayopiga iandikwe jina la aliyeiamuru.

Novemba 27

Jucélia amerudi. Anaongea na Adelar. Anaongea na mtu wa mji. Na mimi anaongea kwa maandishi, kutoka meza ya pili.

Novemba 30

3.90. Amekula keki mezani kwake. Nilitamani aje kuila mezani kwangu.

Desemba 3, Jumapili

Mvua ilianza alfajiri. Saa tatu asubuhi 7.10, na sote tulikuwa ofisini, mtu wa mji amekaa pembeni na daftari lake la kuandikia majina. Saa tatu na nusu radi ilipiga nguzo ya jirani. Programu ilianguka, ikawashwa, ikaanguka tena. Redio ya darajani ilikuwa inatuma vipande vipande, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mlinzi aliyetumwa darajani alisema haoni hata maji yenyewe.

Jucélia ndiye aliyefungua mabaki. Nilimwona mgongo. Kisha akaongea nami, kwa mdomo, mara ya kwanza tangu arudi.

"Kifasiri chako kinasema hakijui."

Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Kipimo cha mwisho kizuri, 7.62. Baada yake, sijui, sijui, sijui.

"Basi hakijui," nilisema. "Foleni imechanika. Inaweza kuwa 7.60, inaweza kuwa tisa."

Adelar alisema tusubiri dakika tano redio ipone. Mtu wa mji alisema kupigia simu mtaa mzima Jumapili kwa kitu kisichojulikana ni kuwachezea watu.

"Mimi nilimwambia mama yangu asubiri," Jucélia alisema. "Simwambii tena."

Akapiga simu Araçá yote.

Wakatoka. Walibeba friji, magodoro, kabati, cherehani mpya ya Bi Zenaide iliyobebwa na wanaume wanne na yeye anawafokea nyuma. Saa tano redio ikapona: 7.91. Saa sita na robo mto ulifika 8.04, ukakaa, ukaanza kushuka. Hata tone halikuingia nyumba ya mtu. Mpaka saa nane tulikuwa tumepokea simu ishirini na tatu za matusi. Mwanamume mmoja ametuambia mgongo wake umekufa kwa ajili yetu.

Mtu wa mji alifungua daftari lake. "Tahadhari ya bure," alisema. "Lazima niandike nani ameamuru."

Adelar alitazama dirishani. Nilianza kusema kitu, sijui nini.

"Andika mimi," Jucélia alisema. Aligeuza kiti chake, akanitazama, uso mchovu, hakuna tabasamu lolote. "Jucélia Fachini. Na chini yake andika Marlise Hoepers. Yeye ndiye aliyekifundisha kusema hakijui."

Yule mtu aliniuliza kama nakubali. Nilimwomba kalamu, nikaandika jina langu mwenyewe.